Nilivyorudi Nyumbani Nikachinjiwa Kuku

Siku ya kwanza kazini nilipewa shoka lisilo na mpini. Mnyapara alikuja na gunia, akamwaga vichwa vya shoka chini mbele yetu, akasema, "Kila mtu achukue kimoja, aingie porini, arudi na mpini. Mwenye mpini mzuri atakata. Mwenye mpini mbaya atabeba." Wengi walikimbilia mti wa karibu. Mimi nilitembea mpaka nikaupata mkole, maana baba yangu alichonga mipini ya majembe na nilijua mti gani hauchubui viganja. Nikauchonga bila haraka, nikaupitisha kwenye moto ili unyevu utoke, nikarudi wa mwisho. Mnyapara akalipiga shoka langu kwenye jiwe, akaligeuza, akalipiga tena.

"Wewe mtu wa wapi?"

Nikamjibu natoka upande wa Mhunze.

"Kata," akasema. Hakuna karatasi nyingine niliyopewa.

Nawaandikia ninyi vijana mnaotafuta kazi, na ninyi mliokwisha kuipata mkaanza kuiogopa siku ya kuiacha. Mimi sikusoma. Herufi nilifundishwa na karani wa kambi, nikimpasulia kuni naye akinichorea mchangani kwa kijiti. Kwa hiyo mkikuta maneno yamepinda, yaacheni yalivyo, yanabeba mzigo wake. Nilichonacho nilikipata kwa mikono hii, sikupewa na mjomba wala na padri. Nitawaeleza kazi yetu ilivyokuwa, kisha niwaeleze jambo ambalo hakuna mnyapara aliyenifundisha, nalo ni namna ya kurudi nyumbani kwa mke.

Ilikuwa miaka ya ishirini, Mwingereza ameshaishika nchi, na adui wa Shinyanga alikuwa ndorobo. Ninyi mmezaliwa mkakuta ng'ombe wamejaa mbugani, hamumjui. Ndorobo ni nzi mkubwa kuliko nzi wa nyumbani. Akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na huuma mpaka ndani ya nguo. Akimuuma ng'ombe, mnyama hukonda mbavu zikaonekana, kisha hufa. Akimuuma mtu aweza kumpa malale, ugonjwa wa kusinzia ambao wengi hawakuamka nao. Pori lilikuwa linasogea kila mwaka na watu wanarudi nyuma na mifugo yao. Dawa ilikuwa shoka, kwa sababu ndorobo anapenda kivuli. Mwondolee kivuli, atakufa au atahama.

Kukata nako kulikuwa na namna zake. Vichaka na miti midogo tulivifyeka mpaka chini. Mti mkubwa tuliupiga pete, yaani tuliubandua gamba kuzunguka shina kwa upana wa kiganja, tukauacha ukauke umesimama. Majani hatukuyachoma mapema. Wafugaji walitaka moto wa mapema ili machipukizi yatoke, lakini sisi tuliyalinda mpaka mwisho wa kiangazi, yakauke kabisa, kisha tukayawasha kwa mara moja. Moto wa namna ile hauachi kichaka. Mtemi alitoa watu wake kuja kukata kwa zamu, wakaja na ngoma na nyimbo, wakakata, wakaenda zao kulima. Sisi tulibaki. Sisi tulikuwa watu wa kudumu.

Baadaye nikahamishiwa kwenye kuvua. Msicheke. Watu wawili walitangulia njiani wamebeba kitambaa cheusi kati ya fimbo mbili, maana ndorobo hufuata kitu cheusi kinachotembea, akidhani ni mnyama. Sisi wengine tulifuata na nyavu ndogo zenye mkono, tukiwanasa mmoja mmoja. Kwa jinsi walivyokuwa wengi au wachache, wakubwa walijua pori lipi limepona na lipi bado. Mwenzangu kwenye kitambaa alikuwa Shija, mtu wa kwetu, jirani yangu, mdomo wake hauna kifuniko. Siku moja tulipita kisimani Ngokolo, wanawake wakaanza.

"Njooni muone! Wanaume wazima wanatembeza sanda ya nzi!"

"Mayu," Shija akamjibu aliyesema, kwa heshima kabisa kama anaongea na mama yake, "ukikamua maziwa mwakani utukumbuke. Tuletee kibuyu kimoja, na mimi nitakuvulia nzi wa kuchezea mtoto."

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha mtungi.

Mkubwa wetu wa kuvua alikuwa Mzungu mwembamba tuliyemwita Bwana Nyavu. Alipokuwa akichagua watu wa kwenda kambi ya mbali, alitupanga mstari akatuuliza mmoja mmoja maswali yale yale. Zamu yangu ikafika.

"Una mke?"

"Ninaye, bwana."

"Yuko wapi?"

"Kwetu, Mhunze."

"Unamwona lini?"

"Nikipewa ruhusa, bwana."

"Basi ni kama huna," akasema. "Njoo upande huu."

Tulicheka sana kwa neno lile, na mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na kazi, na nyumbani nilikuwa na Mama Kulwa, aliyekuwa na mapacha wetu wawili mgongoni na mbele. Niliona nina vyote viwili, uhuru wa mseja na heshima ya mwenye mke. Nilikwenda nyumbani kila nilipopewa ruhusa. Nilifika na sukari, chumvi, kanga, blanketi. Nikakaa, nikala, nikasalimia wazee, nikarudi kambini. Hakuna mtu aliyeniambia nakosea, na mpaka leo sisemi nilikosea. Kodi ya serikali ililipwa kwa jasho la nani?

Katikati ya miaka ya thelathini habari za dhahabu ya Geita zikawa kubwa. Mimi na Shija tukaacha ndorobo, tukatembea kwa kupitia Kahama na Masumbwe, miguu imevimba, tukafika mgodini. Shija alipewa toroli. Mimi, kwa ajili ya shoka, nilipelekwa kwa fundi mkuu wa nguzo, Mzinza mzee mwenye sauti ya chini ambaye hakuna aliyemwita kwa jina, wote tulimwita Fundi.

Kazi ya nguzo ni kuuzuia mlima usikuangukie. Mkichimba ndani ya mwamba, paa linabaki halina kinacholishikilia. Unasimamisha nguzo huku, nguzo kule, unalaza boriti juu yake, na kati ya boriti na mwamba unapigilia kabari, kipande cha mti kilichochongwa upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Hapo uzito wa mlima wenyewe unaikaza kabari, na kadiri unavyolemea ndivyo inavyoshika. Kabla ya yote unagonga paa kwa chuma. Likijibu kama jiwe, unaendelea. Likijibu kama debe tupu, unatoka.

Nilimwambia Fundi siku ya kwanza, "Mimi ni mtu wa shoka tangu Shinyanga. Nipe nguzo."

"Hata kuuvika mlima nguo hujui," akasema. "Beba kabari."

Nikabeba kabari. Nilizibeba msimu mzima wa mvua na kiangazi chake, namkabidhi akinyoosha mkono, na wala hakunieleza kitu. Nilitazama tu. Siku aliponiambia, "Haya, simamisha," mikono yangu ilikuwa inajua kabla ya kichwa. Kutoka hapo jina langu mgodini likawa Shoka, na mpaka nilipotoka hakuna paa nililolishika mimi lililomwangukia mtu. Hilo andikeni.

Tulilala kwenye safu za waseja, vibanda virefu vyenye vitanda pande mbili. Wengi wetu tulikuwa na wake mahali fulani. Chakula kilipikwa na mpishi wa kambi, Msumbwa mnene mcheshi asiyewahi kuoa. Shija alifiwa na mkewe tukiwa huko, akaacha kazi akarudi kulea. Mimi nikaendelea mpaka siku jiwe la pembeni liliponitelezea nyongani. Halikunivunja, lakini tangu hapo nilipanda ngazi kwa kujivuta. Bwana wa Zamu, mkubwa wetu wa chini, aliniangalia nikipanda, akanisubiri juu.

"Shoka, basi."

"Basi nini, bwana?"

"Basi kazi. Umefanya vizuri. Nenda kapumzike kwa mke wako."

Siku hizi mnasema kustaafu. Sisi tuliambiwa basi. Nilipokwenda kumuaga mpishi, alinifungia mkate kwenye kitambaa akasema, "Una bahati, Shoka. Wewe unarudi kwa mtu. Mimi siku yangu ikifika sijui nitamwambia nani hodi." Nilimhurumia. Nilitoka pale kifua mbele, nikapanda meli ndogo mpaka Mwanza, nikapanda treni mpaka Shinyanga, nikapata lori la mwenye duka lililokuwa linakwenda upande wetu. Njia nzima nilikuwa najiona nimeketi mjini kwangu, kwenye kaya yangu, kama mtemi.

Mama Kulwa aliniona kwa mbali. Akatoka, akapiga goti, akanipokea mzigo. "Karibu, baba," akasema. Akaniletea kigoda, maji ya kunawa, na muda si mrefu nikasikia kuku analia nyuma ya nyumba. Kulwa alikuwa ameolewa mbali. Doto, pacha wake, alikuwa mwanamume mwenye mke na mtoto, akaja kunisalimia ameinamisha kichwa. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Nyumba ya pembeni, ile aliyokuwa akilala Doto kabla hajaoa, ilikuwa imefagiliwa na mkeka mpya umetandikwa. Nikasema moyoni, hii ndiyo heshima ya mtu aliyefanya kazi.

Sasa lazima niwaeleze shikome, kwa wale waliokulia mjini. Kwetu wanaume wa jirani hukusanyika jioni kwenye moto mmoja, huo ndio shikome. Kila mke hupeleka chungu chake pale, na wanaume hula pamoja vyungu vyote. Kwa hiyo mji wako ukoje, watu wanaujua kwa chungu. Chungu changu kilikuja na kuku. Kesho yake kikaja na kuku. Na kesho kutwa. Nilimega vipande nikawagawia wenzangu kwa mkono mkunjufu.

Mchana nilianza kuuweka mji sawa. Kihenge cha mtama niliona kimekaa pabaya, nikamwambia Mama Kulwa kihamishwe. "Ndiyo, baba," akasema. Zizi nikaona lango lake linatazama upande wa upepo. "Ndiyo, baba." Nikamwambia Doto ng'ombe wapelekwe malisho ya magharibi. Akainama. "Ndiyo, baba." Nilizoea kambini, mnyapara akisema neno linatendeka. Lakini kihenge kilibaki pale pale, lango likabaki linatazama upepo, na ng'ombe walikwenda mashariki. Nilimwona Doto asubuhi anapita kwangu ananisalimia vizuri, kisha anakwenda jikoni kwa mama yake kuuliza la kufanya.

Shija ndiye aliyenifumbua macho. Alikuwa amefiwa na mke, anakaa na mwanawe, na mkwewe ndiye aliyempelekea chungu. Tulikuwa shikome.

"Leo tena kuku?" akauliza.

"Una wivu. Kula mlenda wako."

"Mlenda wa mjini kwangu huu. Hicho chako cha mji gani?"

"Cha mke wangu."

"Shoka, ulipokuja kunitembelea nyumbani wiki ile nilikuchinjia nini?"

"Kuku."

"Na chungu cha kwangu umekiona na kuku lini hapa?"

Nikaitazama nyama niliyoishika.

"Mama Kulwa anakuchinjia kwa sababu wewe huja na kuondoka," akasema. "Miaka yote amekuchinjia hivyo. Safari hii hukuondoka, lakini bado hajaambiwa."

Mzee mmoja upande wa pili akaongeza, "Usimwambie haraka, tunafaidi!" Moto wote ukacheka. Mimi nilitafuna, lakini nyama ilikuwa imegeuka kamba mdomoni.

Nililala kwenye ule mkeka mpya nikaona kila kitu. Mkeka wa mgeni, nyumba ya mgeni, goti la mgeni, kuku wa mgeni. Ndoa yangu nilikuwa nimeipiga pete. Nimepiga pete miti mingi, naijua: mti uliokwisha kufa husimama muda mrefu na majani yake juu, mpita njia anaona ni mzima. Swali lilikuwa moja. Je, ulikuwa umekufa tayari, au gamba bado limeshika mahali?

Nilijua kitakachonipata likiwa limekatika. Mnyapara wetu mmoja wa Geita alikuwa na wake watatu, kila mmoja na mji wake. Alipoambiwa basi, alikwenda kwa wa kwanza akapokewa vizuri, akaenda kwa wa pili akapokewa vizuri, na wa tatu vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyegombana naye. Msimu haukuisha, akarudi mgodini kuomba kazi ya kulinda ghala. Tulimkuta kila asubuhi ameketi kwenye sanduku anapiga stori na kila anayepita, na anayepita alikuwa na haraka. Wake watatu, na alikuwa mkiwa kuliko mpishi wetu.

Nilimwendea Shija. "Nifanye nini?"

"Tafuta ugomvi. Mgeni hagombezwi."

Nikajaribu. Nilimwambia Mama Kulwa ugali wake ni mbichi. "Samahani, baba, nitaurudisha jikoni." Nilimwaga maji ya kunywa makusudi. Akachota mengine. Nilimwambia kwamba mtoto wa Doto ana masikio makubwa. Akasema, "Ameyachukua kwa babu yake," kwa heshima ile ile, na nilisikia mkamwana, mke wa Doto, akikohoa jikoni kwa kuzuia kicheko. Ugomvi haukupatikana.

Basi nikaacha ujanja. Nilimfuata shambani, nikasimama mwisho wa tuta kwa mguu wangu wa kujivuta.

"Mama Kulwa, nimerudi kukaa."

Akaendelea kulima. "Karibu, baba."

"Usiniite hivyo. Siondoki tena. Kwa nini unanifanya mgeni?"

Akasimama, akaegemea jembe. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Mtu anayekuja na zawadi, akala, akasalimia watu, akaenda zake, anaitwaje?"

"Nilileta kila kitu ulichohitaji."

"Uliniletea. Wageni wema huleta." Akaonyesha ng'ombe kwa kidole. "Yule mwenye baka jeupe anaitwa nani?"

Sikujua.

"Kwa nini lango linatazama upepo?"

Sikujua. Akaniambia: fisi hunyemelea kutoka upande wa chini ya upepo, lakini lango likitazama upepo inambidi apitie huko, na ng'ombe husikia harufu yake mapema. Kihenge nacho kilihamishwa pale mwaka mchwa walipokula kile cha kwanza. Alisema mengine mengi, kila kitu mjini pale kilikuwa na sababu na sababu zote alikuwa nazo yeye.

"Nifundishe," nikasema. Neno hilo halikunitoka kwa urahisi, lakini lilitoka.

Akanitazama kwanza. "Nguzo za mgodini ulifundishwa na nani?"

"Fundi."

"Siku ya kwanza alikupa nguzo?"

"Hapana. Nilibeba kabari."

"Muda gani?"

"Mvua na kiangazi."

Akainama, akaliinua jembe lake. "Haya. Hapa pia zipo za kubeba."

Nikawa mwanafunzi wa mke wangu. Nilinywesha ng'ombe kwa kufuata alichosema. Niliokota kuni. Nilipukuchua mtama nikiwa nimeketi na mkamwana na mtoto wake. Nilijifunza kuwa yule mwenye baka jeupe anaitwa Kilulu, hakamuliwi na mtu asiyemwimbia, na mimi nikaimba, mtu aliyeshika paa la mlima. Sikuhamisha kitu. Sikutoa amri. Wanaume shikome walikuwa na sikukuu. "Shoka, leo umepewa ruhusa ya kutoka?" "Mnyapara wako amelala?" Nikawajibu, "Mnyapara wangu ananifuga vizuri, nyie mnaona kuku." Maana kuku waliendelea kuja, na kila chungu kilipofunuliwa nilihisi kama nimeambiwa bado.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Mama Kulwa alianika mbegu za mtama uani, zile alizozichagua suke kwa suke kwa ajili ya kupanda. Alikwenda kisimani. Aliniachia mji. Lango la zizi la ndama lilikuwa limelegea kamba, na mimi nikaona hapa ndipo nitakapoonyesha ufundi. Nikachonga kabari nzuri kabisa, nikaipigilia kati ya mti wa lango na nguzo yake, nikaitazama nikaridhika. Vijana, sikieni kosa la mtu wa mgodini. Kabari hukazwa na uzito unaoilemea. Lango la ndama halina mlima juu yake. Ndama aliegemea mara moja, kabari ikadondoka, akatoka, na wenzake wakamfuata. Nilipowasikia walikuwa kwenye mkeka wa mbegu, wanakula kwa utulivu kama wamealikwa.

Nilikuwa nikiwafukuza kwa mguu mmoja Mama Kulwa alipoingia na mtungi kichwani. Aliutua. Akatazama mkeka. Akatazama lango. Akaiokota ile kabari.

"Baba Kulwa!"

Sauti ile ilifika kwa Shija.

"Baba Kulwa, una macho ya nini? Ya kupambia uso? Kamba ipo pale, imening'inia pale, tangu lini ndama akafungiwa na kipande cha kuni? Mbegu zangu! Nimezichagua mpaka vidole vimeota sugu, unazilisha ndama! Na usinitazame hivyo kama umekabwa na kiazi, chukua fimbo uwatoe! Huyo mdogo! Huyo, huyo! Mungu wangu, mzee mzima!"

Majirani walitoka kutazama. Doto alisimama mlangoni amefumba mdomo kwa mkono. Mimi nilikimbiza ndama huku nimekubali kila neno, na moyo ulikuwa unanidunda kama kijana aliyekubaliwa posa. Alinigombeza wakati tunawafungia. Alinigombeza wakati tunaokota mbegu zilizobaki, magoti yetu chini, vichwa karibu karibu. Aliponiambia mikono yangu ni mizito kama ya mchimba makaburi, nilisema, "Ndiyo, mama."

"Na usiniitikie ndiyo mama!"

Jioni nikaenda shikome mapema. Vyungu vikaja. Changu kililetwa na mkamwana, akakiweka akaondoka haraka. Nikafunua. Ugali wa mtama, na kando yake nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa juani na kuchemshwa, meusi, machungu kidogo, bila hata karanga. Hakukuwa na kuku. Hakukuwa na mchuzi. Shija aliinama akatazama ndani, akanitazama, akaanza kupiga makofi polepole, na wazee wakamfuata.

"Umefika, Shoka," akasema. "Karibu nyumbani."

Nilikula nsansa ile mpaka nikafuta chungu. Mzee wa upande wa pili alilalamika kwamba nimewaharibia wote.

Watu huniuliza, kwa kuwa najulikana kwa kusema, kama mwenye mke hustaafu kwa furaha kuliko asiye naye. Nawajibu nilivyoona. Yule mpishi wetu aliyenionea wivu aliambiwa basi baada yangu, akakaa Masumbwe na watoto wa dada yake, na walioonana naye wanasema hana shida yoyote, bao asubuhi, bao jioni, maana alikuwa ameishi peke yake siku zote na hakuna kitu kipya kilichomshtua. Shija hakuoa tena. Wakati wa kupanda huwa mkimya kwa sababu ndipo anapomkumbuka marehemu, kisha mjukuu humvuta sikio anacheka. Mnyapara wa wake watatu sijasikia amecheka. Kwa hiyo msiniulize kama mtu ana mke. Niulizeni kama kuna mtu anayemjua kiasi cha kumkaripia. Mimi nilikuwa na mke miaka yote ya kazi, na nilikaribia kuzeeka mkiwa ndani ya ndoa yangu mwenyewe, nikinenepa kwa kuku. Kwenu mlio kazini sasa, mkienda likizo msipeleke zawadi peke yake. Ulizeni majina ya ng'ombe.

Kuhusu ile jioni. Nilitoka shikome mawingu yameshuka, nikaingia nyumba ya pembeni kulala. Mkeka haukuwepo. Hata blanketi langu la mgodini halikuwepo. Nikatoka uani nimesimama kama mtu aliyeibiwa, na Mama Kulwa akaniita kutoka nyumba kubwa, sauti bado ina ugomvi wa mchana.

"Unatafuta nini huko? Vitu vyako viko huku. Na ujue paa linavuja upande wako, limevuja tangu mwaka juzi. Kesho utapanda ulitazame, wewe si ndiye fundi wa mapaa?"

Nikaingia. Mvua ikaanza muda huo huo. Ilivuja kweli, ikanidondokea begani, kisha shingoni, na mimi nilijilaza pale pale chini ya tone nikaanza kucheka, sikuweza kujizuia, mpaka akanipiga kiwiko akaniambia ninyamaze, mtoto wa Doto amelala.